Sokoni Kwanza, Buchani Baadaye

Jumamosi saa mbili asubuhi bucha za Dar es Salaam huwa na foleni. Watu wamesimama na vikapu vitupu wakimsubiri mkataji amalize kupasua mifupa juu ya gogo, na kila anayefika mbele huulizwa swali lile lile: ya mifupa au steki? Jibu hutoka mfukoni. Nyama ikishapimwa na kufungwa, ndipo mtu anapita gengeni kuokota vya kuisindikiza: nyanya, vitunguu, hoho mbili na fungu la majani yoyote yaliyobaki. Kwa utaratibu huo mchuzi wa Aprili na mchuzi wa Septemba hutoka pacha, mwekundu ule ule, ila wa Aprili umekula pesa zaidi kwa sababu nyanya zilikuwa adimu.

Safari hiyo igeuzwe. Mtu aanze sokoni, aone kilichoshuka usiku kutoka shamba, halafu aende buchani akiwa anajua anataka kipande gani na kikatweje. Mboga hubadilika kila baada ya wiki chache, na kila inapobadilika hudai nyama nyingine. Mchicha wa masika hauwezi kusubiri muundi uive. Kisamvu nacho kitaiadhiri steki yoyote utakayoitumbukiza humo. Anayenunua nyama kwanza analazimika kuilazimisha mboga. Anayenunua mboga kwanza hupunguza nyama bila mtu yeyote mezani kulalamika, na kwa bei za siku hizi hilo si jambo dogo.

Tena hata nyama yenyewe ina msimu, ingawa buchani huwezi kuambiwa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na walio wengi ni wale wa asili wenye nundu, wanaokula majani ya mbugani na kutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Hawa huishi kwa mvua kama yalivyo mahindi. Malisho yakiwa yamestawi, kuanzia Mei hadi Julai hivi, wanaoshushwa mnada wa Pugu kutoka Shinyanga, Simiyu, Tabora na Dodoma huwa wamejaa, na mafuta yao yana unjano unaotokana na majani mabichi waliyokula. Ikifika Oktoba, kabla mvua hazijarudi bara, mbavu zinahesabika. Nyama ya Oktoba ni kavu, haina mafuta ya kujikaangia, na mpishi asiyelijua hilo humlaumu muuza bucha.

Ng'ombe aliyetembea maisha yake yote ana misuli iliyofanya kazi. Kano na ngozi nyembamba zinazofunga nyama huwa nyingi, hasa shingoni, kidarini na miguuni, na haziyeyuki kwa pupa. Zinataka moto mdogo na muda, ndipo zigeuke ule utelezi unaofanya mchuzi ushike ugali. Kuna na jambo la pili. Sisi hula nyama ya leo. Ng'ombe amechinjwa usiku, alfajiri ananing'inia buchani na mhuri wa mkaguzi ubavuni, saa nne yuko jikoni. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukaza, na huanza kulegea siku zinazofuata. Mwenye friji aiache nyama ilale hadi kesho yake. Asiyekuwa nayo, au mwenye wageni leo leo, apake papai bichi lililopondwa, aache kwa muda, kisha abandike. Watu wa pwani wamelitumia papai kwenye mishkaki miaka nenda rudi, na kwenye mchuzi linafaa vile vile mradi lisiachwe mpaka nyama ikawa uji.

Haya, twende sokoni.

Masika, yaani Machi hadi Mei kwa mikoa ya pwani na kaskazini, ni wakati wa majani. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu, mlenda, mgagani: yote yanapatikana, mengi yamechumwa jioni iliyopita kwenye mabonde ya pembezoni mwa mji, na fungu la mchicha huwa kubwa kuliko mkono unavyoweza kushika. Wakati huo huo nyanya zinaadimika. Mvua ikizidi, bakajani hushambulia mashamba, matunda hupasuka, na malori hukwama njiani, kwa hiyo sado ya nyanya hupanda bei mpaka mama lishe anaanza kuzikata vipande vyembamba vya kuonekana tu. Hapa ndipo mazoea yanapotugharimu. Tumeshikilia kwamba nyama isiyo na nyanya haijaungwa, tunanunua nyanya mbichi zenye mabaka kwa bei ya juu, huku majani mazuri kuliko yote ya mwaka yanauzwa jirani kwa bei ya chini.

Kwa mchicha wa masika, buchani omba paja au bega lisilo na mfupa, nusu kilo, nyumbani ulikate vipande vidogo kila kimoja kitoshe tonge moja. Vibandike na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, maji yaifunike nyama kidogo tu. Funika, moto mdogo. Nyama ikilainika funua sufuria, ongeza moto, uyaache maji yakauke mpaka usikie nyama inaanza kulia ndani ya mafuta yake yenyewe. Huo mlio ndio alama. Ukiwahi kabla yake utakuwa na nyama ya kuchemsha iliyochanganywa na majani, na hicho ni chakula cha wodini. Tia vitunguu humo humo, vigeuke rangi, kisha mimina mchicha ukiwa na maji yale tu yaliyobaki ulipouosha. Usiongeze hata tone. Majani ya masika yamejaa maji, yatatoa yenyewe. Sufuria ibaki wazi, moto uwe mkali, geuza mara mbili tatu, epua kabla rangi haijafa. Limau likamuliwe mezani.

Mpangilio huu una faida ambayo bibi zetu waliipata bila maabara. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani mwili huyachukua kwa shida, lakini nyama kidogo katika mlo huo huo, na limau juu yake, husaidia yachukuliwe zaidi. Vitamini A ya mchicha nayo inataka mafuta ndipo ipite. Kwa maneno mengine, kipande kile cha tonge moja kinafanya kazi kubwa kuliko uzito wake.

Majani ya maboga yana adabu yake. Mabua yamenywe, zile nyuzi za nje zivutwe mpaka ziishe, na hapo ndipo wengi hufanya haraka, wakaja kuzitafuna mezani. Haya hupatana na karanga kuliko na nazi. Mnavu ni mchungu, kwa hiyo huchemshwa kwanza peke yake na maji yale yakamwagwa; magharibi ya Kenya, ambako wanauita managu, huwekewa maziwa ukalala nayo, na uchungu ukapungua kwa upole. Kwa bahati nzuri mnavu wa siku hizi una majani mapana kuliko ule tuliokua nao. Kituo cha World Vegetable Center, kilichopo Arusha tangu 1992, kimeshughulika na mboga hizi zilizokuwa zikiitwa magugu, na mbegu za mnavu za Nduruma na Olevolosi, pamoja na mchicha wa Madiira, zimetokana na kazi hiyo.

Neno moja kuhusu magadi. Yanalainisha na yanaacha majani yakiwa kijani cha kuvutia, lakini yanaua vitamini C, na kwenye mchicha mchanga hayana kazi yoyote ila kuuharibia ladha. Mlenda ni kesi tofauti. Bila magadi kidogo hauvutiki, na mlenda usiovutika ni hasara.

Kusi likianza kuvuma, mambo yanahamia milimani. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi Usambara, na malori yanayoteremka kona za Lushoto hadi Mombo, kilomita zipatazo 33 za kushika breki, huja na karoti, kabichi, hoho, maharage machanga na njegere. Kutoka Njombe na Mbeya huingia viazi, mara nyingi kwenye lumbesa, ule ujazo wa kupita mdomo wa gunia ambao hupigwa vita kila mwaka na kila mwaka hufika sokoni salama. Njegere za wakati huo hazihitaji kusifiwa. Unazimenya ukiwa umekaa kibarazani, na watoto wakikaribia hupungua.

Sasa ndipo nyama ya mifupa inapopata thamani. Miezi hii ng'ombe amenona na mboga zilizopo ni za kunyonya supu, hivyo omba muundi, na mwambie mkataji aupasue kwa msumeno kama anao, maana shoka hutawanya chembe za mfupa ambazo utazikuta kwenye meno. Uchemshe polepole na pilipili manga nzima, kitunguu kizima na jani la mdalasini kama unalo. Nyama ikianza kuachana na mfupa tia viazi vilivyokatwa vikubwa. Viazi vikifika nusu tia karoti. Njegere mbichi ziingie mwisho kabisa, dakika kumi zinatosha, kwa sababu njegere iliyopikwa saa nzima haina tofauti na ya kopo. Chumvi ionjwe baada ya viazi kuiva. Hapa huhitaji kukaanga kitu, wala kikolezo cha pakiti. Uloto wenyewe umeshafanya kazi ya mafuta.

Kabichi ni habari ya kusikitisha zaidi. Tumelizoea likiwa limechemshwa mpaka likawa jeupe, likatiwa manjano kuficha aibu. Kabichi la Julai limekaza na lina utamu. Likatwe jembamba, lirushwe kwenye nyama iliyokwisha kukaushwa, dakika tano tu, lipewe pilipili kichaa na ndimu. Asiyekula kabichi nyumbani kwako ajaribiwe kwa hili kabla hajahukumiwa.

Ukiwa Moshi au Arusha msimu huu wa baridi utaletewa mtori bila kuuagiza: ndizi mshare zilizochemshwa pamoja na nyama ya kidari na mifupa, zikapondwa kwa mwiko ndani ya supu yake mpaka zikawa nzito, nyama ikarudishwa humo. Mzazi aliyetoka kujifungua hunyweshwa huu, na wazee wa Kichagga watakuambia ndiyo dawa yenyewe. Mimi naupenda kwa sababu nyingine. Nusu kilo ya kidari ndani ya mtori inatosheleza familia nzima, na hakuna anayejua alipata vipande vingapi.

Kuna mboga moja inayostahili heshima kuliko inayopata, nayo ni nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe. Wengi huikataa kwa sababu walilishwa iliyokomaa. Sokoni chagua zile nyeupe zenye ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani kibichi. Ikianza kugeuka manjano au wekundu imeshajaa mbegu na uchungu wake haurudi nyuma. Ikatwe msalaba kutoka chini, vipande vinne, lakini isiachane juu kwenye kikonyo. Omba mbavu zenye mafuta. Zichemshwe mpaka ziive, maji yabaki kidogo, kisha nyanya chungu zipangwe juu ya nyama, bamia chache ziwekwe juu yake nzima nzima, sufuria ifunikwe na mtu asiingize mwiko. Ukikoroga, bamia zitapasuka na kila kitu kitakuwa mlenda. Baada ya robo saa mvuke umeziivisha zote, mafuta ya mbavu yamepanda na kuingia kwenye ule mkato wa msalaba, na uchungu uliobaki ni ule unaokufanya urudie. Hapo tena nyanya za kawaida hazihitajiki. Mchuzi ni mweupe, wa chukuchuku, na ugali ndio mwenzake.

Najua kuna anayesoma haya akiwaza gesi. Ana haki. Muundi, kongoro na kisamvu ni vyakula vilivyozaliwa kwenye moto wa kuni usiolipiwa, na leo nchi inahama. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni lengo jema kwa mapafu ya mama na kwa misitu, lakini mtungi wa kilo sita ukiubandikia kongoro asubuhi, jioni utakuwa unautikisa kusikiliza kama kuna kitu. Matokeo yake nimeyaona kwa majirani: wanahamia steki na nyama ya kusaga, vitu vya haraka, vya bei kubwa, na mifupa wanawaachia wauza supu. Sufuria ya presha inamaliza ubishi huo. Muundi unaochukua saa tatu jikoni huiva humo kwa chini ya saa moja. Inapiga kelele, ndiyo, na mama mkwe ataiogopa, ila ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuendelea kula kipande rahisi kwa mtungi wa gesi. Viazi na karoti viingie baada ya kufungua, visije vikapotea.

Tuzungumzie kiasi, maana hapo ndipo heshima ya nyumba inapoingia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa nyumba ya watu sita hizo ni kilo mbili na zaidi. Nusu kilo ya nyama kwa watu hao hao ni gramu themanini na kidogo kila mmoja. Ukivipanga mezani kabla ya kupika, kilima cha mboga na kifurushi cha nyama, utaona chakula cha nyumbani kinavyopaswa kuonekana. Lakini mgeni je? Mgeni akiandaliwa majani tunaona tumemdharau, na yeye mwenyewe, hata kama nyumbani kwake anakula mchicha siku tano kwa wiki, atahesabu vipande. Nyama tupu ina mahali pake, na mahali pake ni penye choma, kachumbari na meza ya plastiki. Chungu cha nyumbani hakikuumbwa kwa ajili hiyo. Mgeni apewe mbavu za nyanya chungu. Akiulizia nyama iko wapi, aongezewe mchuzi.

Agosti ikiisha majani yanaanza kukimbia. Mchicha unaobaki ni wa kumwagiliwa, mwembamba na wa bei. Nyanya kwa upande wake zimejaa, kwa kuwa mashamba ya umwagiliaji ya Iringa na Morogoro hayana mvua ya kuyasumbua, na tenga zima laweza kuuzwa kwa bei inayomliza mkulima. Huu ndio wakati halali wa ule mchuzi mwekundu tunaoupika mwaka mzima. Nyanya nyingi, zipikwe mpaka mafuta yajitenge pembeni, nyama ya bega, binzari nyembamba iliyokaangwa kidogo kabla ya kusagwa. Pika wa kutosha, na nyanya nyingine zikaushe juani zilizopasuliwa na kutiwa chumvi, maana Aprili hairembi.

Kwa upande wa majani, kiangazi ni zamu ya kisamvu. Muhogo hauogopi ukame, na hata mwingi ukiwa umepukutisha, ncha zake huendelea kutoa majani machanga. Pwani kuna kisamvu cha aina mbili, na watu wa Tanga hawakubali uvichanganye. Kimoja ni cha muhogo huu wa kula. Cha pili ni kisamvu mpira, majani ya mti mrefu wa jamii ya muhogo ulioletwa kutoka Brazili na kupandwa na walowezi wa Kijerumani kwa ajili ya utomvu wake. Bei ya mpira duniani ilianguka mwaka 1913, mashamba ya Asia yakaliteka soko, na miti ikabaki imesimama bila mwenye haja nayo. Wapishi walikuwa na haja nayo. Kisamvu chake ni laini kuliko cha muhogo, na wapo wanaoapa kwamba cha kwanza ni chakula cha mbuzi tu.

Kisamvu kina sumu, na ndiyo sababu hakuna njia ya mkato. Ndani ya jani sumu imelala ikiwa imefungwa. Kutwanga kinuni huivunjavunja nyumba yake, ikaachilia hewa ya sianidi, na kuchemsha huifukuza. Kwa hiyo kitwangwe kweli, majani yawe yameshikana, na kibandikwe sufuria ikiwa wazi. Anayefunika sufuria ya kisamvu mwanzoni anakifungia humo alichotaka kitoke. Siku hizi sokoni wanakiuza kikiwa kimeshatwangwa, kimefungwa kwenye mfuko. Hicho nacho kinataka moto ule ule, saa moja au zaidi, mpaka kibadilike kutoka kijani kibichi kuwa kijani cha zeituni na maji yake yaache kunukia majani mabichi.

Nyama ya kisamvu ni kidari au mbavu, yenye mafuta, iliyochemshwa kando mpaka ikaiva kabisa. Vitunguu vikaangwe, kisamvu kiingie, supu ya nyama imwagwe juu yake, nyama ifuate, na vyote vitokote pamoja nusu saa nyingine. Mwisho karanga za kusaga au tui zito, kimoja kati ya viwili. Najua wanaotia vyote, na sibishani nao mbele za watu, lakini karanga na nazi zikikutana kwenye sufuria moja huishia kuwa uzito bila ladha. Kigoma wanatia mawese, na kwa majirani, Kongo na Burundi, kisamvu hicho hicho wanakiita sombe na wanakipa mawese bila aibu, kikatoka na rangi ya shaba ambayo kwa mgeni huonekana kama kosa mpaka aonje. Kinalala vizuri. Cha kesho yake ni kizuri kuliko cha leo, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu mchicha.

Dodoma na Singida, ambako mvua ni moja tu, Novemba hadi Aprili, watu hawakungoja gari la Lushoto. Mlenda na majani ya kunde huanikwa wakati wa neema na kuwekwa kwenye vibuyu au mifuko, na Septemba ndiyo mboga. Majani yaliyokauka hurowekwa, huchemshwa, kisha huungwa kwa karanga, na mfupa mmoja wa shingo ukichemshwa humo huyapa uhai. Wapo wakazi wa Dar wanaotumiwa vifurushi hivyo na mama zao kwa basi, wakavificha nyuma ya kabati kwa kuogopa kuonekana washamba, huku wananunua mchicha wa Septemba uliochoka kwa bei ya kuku. Mboga kavu haidai friji wala haina haraka. Ingekuwa inatoka Italia tungeinunua kwenye maduka makubwa.

Halafu vuli inagonga. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa msimu wiki kadhaa kabla, na wakulima huusikiliza wakiwaza mahindi. Mpishi naye angefaidika kuusikiliza akiwaza nyanya. Oktoba na Novemba ni miezi migumu buchani kwa sababu niliyoieleza: ng'ombe amekonda. Nyama hiyo isikaangwe. Muombe mkataji akuongezee kipande cha nundu, ambacho kwa kawaida hukitenga pembeni na wachache hukiulizia. Kiyeyushe kwanza sufuriani, mafuta yake ndiyo yatakayobeba nyama kavu. Sokoni majani hayajarudi, lakini maembe mabichi yameshaanza kuanguka kwa upepo, na watoto wanayauza barabarani kwa chumvi na pilipili. Nunua mawili makali. Yamenywe, yakatwe vipana, yatiwe kwenye mchuzi wa nazi wa nyama robo saa kabla ya kuepua, na tui zito liingie baada ya embe kulainika, moto ukiwa umepunguzwa, kwani ukali wa embe ukikutana na tui linalochemka sana, tui hukatika na hakuna mwiko utakaolirudisha.